Babu: Katibu wa Hizbu, waziri wa Mapinduzi, mfungwa wa Muungano

Ukilitaja jina la Abdulrahman Mohamed Babu mbele ya wazee wa Unguja, usishangae ukisimuliwa watu watatu tofauti. Mmoja atakwambia huyo ndiye Katibu Mkuu aliyeijenga Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, mpaka ikawa chama cha kuogopwa. Mwingine atakwambia huyo ndiye aliyeivunja. Wa tatu atamkumbuka waziri wa serikali ya Mapinduzi aliyekuja kuhukumiwa kifo na serikali hiyohiyo. Wote watatu wanasema kweli, na ndiyo maana vijana wengi wanaosoma historia ya Zanzibar wakifika kwa Babu wanakwama.

Fundo hili halifunguki ukimfuata kwa majina ya vyama. Linafunguka ukifuata swali alilorudi nalo kutoka masomoni Uingereza mwaka 1957: mali ya nchi inazalishwa na nani, na inaliwa na nani? Swali hilo hakuliacha mpaka anakufa. Vyama alivibadilisha kwa sababu kila alichoingia kilifika mahali ambapo swali lenyewe halikutakiwa tena.

Babu alizaliwa Unguja tarehe 22 Septemba 1924, katika ukoo wenye damu ya Kiarabu na ya Kingazija. Zanzibar ya utoto wake ilikuwa ya Sultani kwa jina na ya Mwingereza kwa amri, na Mwingereza aliwapanga watu kwa mafungu: Mwarabu mwenye shamba, Mhindi mwenye duka, Mwafrika kibarua. Mafungu haya yaliingia mpaka jikoni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, chakula kilipokuwa cha mgao, asili ya mtu ndiyo iliyoamua kama atapewa mchele au nafaka nyingine. Fikiria majirani wawili wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida katika mji wa Unguja, wanaosali msikiti mmoja na kusema Kiswahili kilekile, mmoja anarudi nyumbani na mchele na mwenzake hana, kwa sababu ya neno moja aliloandika karani. Ni rahisi kuona kwa nini watu walianza kuchunguza nasaba zao kwa bidii mpya.

Lakini mafungu yale yalificha mengi. Waarabu wenye mashamba makubwa walikuwa wachache, na wengi kati yao walikuwa na madeni ya miaka nenda miaka rudi. Mshirazi, yaani mwenyeji wa visiwani anayejinasibisha na Uajemi, wa Pemba aliyekuwa na mikarafuu yake mwenyewe hakuishi maisha ya kibarua aliyevuka kutoka bara kuja kuchuma kwa ujira. Mwarabu Mmanga, yaani wa kutoka Oman, mwenye kiduka kidogo shamba hakuwa na uhusiano wowote na jumba la Sultani zaidi ya kulitazama kwa mbali. Mtu akitaka kuijua Zanzibar kwa kuuliza asili tu, alikuwa anasoma jalada la kitabu.

Mwaka 1951 Babu alikwenda London kusoma uhasibu. Uhasibu haukumkaa moyoni. Akageukia falsafa na fasihi ya Kiingereza, na muda wake mwingi ukaenda kwenye siasa. London ya miaka ile ndiko wanafunzi kutoka makoloni mbalimbali walikogundua kwamba wana adui mmoja. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa Kenya, na habari za Mau Mau zikawa za kila siku. Mwaka 1954 mbunge Fenner Brockway na wenzake wakaanzisha Movement for Colonial Freedom, jumuiya iliyowakutanisha Waingereza wa mrengo wa kushoto na wanaharakati wa makoloni. Babu alifanya kazi humo upande wa Afrika Mashariki na Kati. Kwanza alivutiwa na waanakisti, watu wanaoamini kwamba dola yoyote ni ukandamizaji. Baadaye akatua kwenye Umaksi, na hapo ndipo akapata lugha ya kusemea jambo alilokuwa amekwisha kuliona kwao kwa macho yake: kwamba ugomvi wa makabila unaweza kuwa kivuli cha ugomvi wa mali.

Sasa fundo la kwanza. Kwa nini Mmaksi arudi nyumbani mwaka 1957 na kujiunga na Hizbu, ambayo watu wengi wanaikumbuka kama chama cha Waarabu?

Jibu linaanzia Kiembesamaki, kusini ya mji wa Unguja. Julai 1951 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa huko kuwachanja ng'ombe wao dhidi ya kimeta. Wakulima walikuwa tayari na kinyongo, maana ardhi yao ilikuwa imechukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, na waliamini sindano zile zinaua mifugo. Wakakataa. Waliokamatwa wakapelekwa mahakamani, umati ukajitokeza kuwakomboa, polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. Waunguja wanaliita tukio hilo Vita vya Ng'ombe. Kutokana na hasira ile wakulima wakaunda chama chao cha raia wa Sultani, na katikati ya miaka ya hamsini wasomi wa mjini, wengi wao Waarabu, wakajiunga nacho, wakakibadilisha jina na kukiongoza. Hizbu basi ilikuwa na mama mkulima na baba bwanyenye. Ndiyo iliyodai uhuru mapema na kwa sauti kubwa, na ilikuwa na gazeti, Mwongozi, lililoupinga ukoloni waziwazi. Chama cha Afro-Shirazi, au Afro kwa kifupi, kilichozaliwa Februari 1957 chini ya Abeid Amani Karume, kilikuwa na maskini wengi zaidi, lakini katika miaka yake ya mwanzo viongozi wake walihofia kwamba uhuru wa haraka ungemrudishia Mwarabu nguvu zote. Kijana aliyetoka London akiwa na hamu ya kumng'oa Mwingereza aliiona Hizbu ndiyo chombo kilichokuwa tayari kusafiri.

Wakati anafika, Hizbu ilikuwa imeaibishwa. Katika uchaguzi wa Julai 1957 haikupata hata kiti kimoja, na kiongozi wake, Ali Muhsin Barwani, alishindwa na Karume mwenyewe huko Ng'ambo. Babu akawa Katibu Mkuu, na hapo mafunzo ya London yakaonekana. Chama kikapata matawi, umoja wa vijana, vyama vya wafanyakazi vilivyokiunga mkono, na nafasi za masomo nje ya nchi. Vijana walipelekwa Cairo, kisha China, Cuba na Ulaya ya Mashariki. Yeye mwenyewe alikwenda China mwanzoni kabisa, kabla viongozi wengi wa Afrika Mashariki hawajafika huko, na akarudi ameshawishika kwamba nchi ya wakulima maskini inaweza kujitegemea.

Hapa sitaki kumpaka mafuta. Miaka ile, ambayo Wazanzibari wanaiita zama za siasa, ilikuwa michungu. Wenye mashamba wa Hizbu waliwafukuza wakulima waliokuwa wakiishi kwenye ardhi yao kwa sababu tu walipigia kura Afro. Wafuasi wa Afro nao wakayasusa maduka ya wapinzani wao. Juni 1961 uchaguzi uliishia kwenye ghasia zilizoua watu 68. Babu aliamini mashine aliyoijenga ingewapa wakulima na wafanyakazi nguvu ndani ya chama na mwishowe iwapiku mabwanyenye. Mashine ikajengeka vizuri, na waliokaa kwenye usukani wakabaki walewale. Kibarua aliyefukuzwa shambani kwa jina la Hizbu hakuwa na sababu ya kujua kwamba Katibu Mkuu wa chama hicho anasoma Marx. Naona hili ndilo kosa kubwa la maisha yake ya siasa, na lilimfuata hadi mwisho: kwa wengi wa Ng'ambo, hakuacha kuwa mtu wa Hizbu.

Mwaka 1962 Waingereza wakamfunga kwa uchochezi. Alipotoka gerezani mwaka 1963 alikuta uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru unakaribia, na ugomvi ukazuka juu ya wagombea. Babu alitaka orodha yenye watu wa kila asili na wenye msimamo wa maendeleo. Uongozi ukamwona mkomunisti anayetaka kukiteka chama. Akajitoa, na pamoja na vijana waliomfuata akaanzisha Umma Party. Hao ndio waliokuja kuitwa makomredi.

Hesabu ya uchaguzi wa Julai 1963 ni lazima ieleweke, maana bila hiyo Mapinduzi yanaonekana kama radi ya kiangazi. Viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, ikaambulia viti 13. Hizbu ilipata 12, na mshirika wake, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party), yenye nguvu zake Pemba, ikapata 6. Kumi na nane dhidi ya kumi na tatu: waliopigiwa kura na wachache wakaunda serikali, na uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ukakabidhiwa kwao chini ya Sultani. Serikali mpya ikaipiga marufuku Umma mara moja. Babu akakimbilia Dar es Salaam.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, watu wengi wao wakiwa na mapanga na marungu wakavamia vituo vya polisi vya Unguja na kuchukua silaha. Sauti iliyosikika redioni ilikuwa ya John Okello, mtu wa Uganda aliyekuwa akiishi visiwani. Babu hakuwapo. Alirudi kutoka Dar es Salaam pamoja na Karume na Kassim Hanga, kiongozi mwenzake wa Afro-Shirazi, baada ya mambo kuwa yamekwisha kuanza. Makomredi wa Umma waliingia mapema siku ile, baadhi yao wakiwa wamepata mafunzo ya kijeshi Cuba. Wanahistoria wanavutana hadi leo juu ya uzito wa mchango wao. Wapo wanaosema Umma ndiyo iliyogeuza ghasia kuwa mapinduzi. Wapo wanaosema walidandia mkokoteni uliokuwa umeshaanza kutembea. Ninachokiona mimi ni kwamba serikali mpya ilihitaji watu waliojua kuandika hati, kupokea mabalozi na kuzungumza na dunia, na Umma ilikuwa nao. Babu akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na Umma ikajivunja ndani ya Afro-Shirazi.

Damu iliyomwagika siku zile, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya Waarabu wa kawaida wasio na shamba wala cheo, ilimwagika chini ya serikali ambayo Babu alikuwa waziri wake. Maandishi yake ya baadaye yanaeleza vizuri sana kwa nini watu waliasi. Kwa waliouawa kwa sababu ya asili yao, hakutoa nafasi inayolingana na msiba wenyewe. Mtu aliyetumia maisha yake kupinga siasa za asili alikuwa na deni hilo.

Kisha ukaja Muungano. Magazeti ya Magharibi yalikuwa yakiiita Zanzibar Cuba ya Afrika, na Washington na London hazikulala. Aprili 1964, Nyerere na Karume wakatia saini Hati za Muungano wakati Babu yuko safarini Asia. Alirudi akakuta nchi aliyokuwa waziri wake wa mambo ya nje haina tena mambo ya nje yake yenyewe. Yeye na wenzake wa mrengo wa kushoto wakahamishiwa serikali ya Muungano, Dar es Salaam. Kwa Karume hilo lilikuwa kuondolewa mwiba kisiwani. Kwa Nyerere lilikuwa kupata waziri mwenye akili ambaye pia alikuwa karibu, anayeonekana.

Alifanya kazi nyingi huko, hasa kwenye biashara, uchumi na mipango ya maendeleo, na uhusiano wake na China ulisaidia kufungua njia iliyoleta misaada na, baadaye, reli ya TAZARA. Desemba 1964 alikuwa New York kwa shughuli za Umoja wa Mataifa, na tarehe 13 alipanda jukwaa la Audubon Ballroom, Harlem, kwa mwaliko wa Malcolm X. Che Guevara naye alikuwa mjini, lakini hakufika ukumbini. Alituma salamu, Malcolm akazisoma. Miezi miwili baadaye Malcolm X alipigwa risasi akafa katika ukumbi uleule. Napenda kuikumbuka jioni ile kwa sababu inaonyesha jinsi mtoto wa Unguja alivyokuwa amefika mbali: mbele ya Wamarekani weusi, akizungumza kama mjumbe wa mapinduzi yaliyotikisa magazeti ya dunia nzima.

Februari 1972 Nyerere akamwondoa Babu kwenye baraza la mawaziri. Tarehe 7 Aprili mwaka huohuo, Karume alikuwa ameketi Kisiwandui, makao ya Afro-Shirazi, akicheza bao na wenzake jioni kama ilivyokuwa desturi yake. Watu wenye silaha wakaingia wakampiga risasi. Miongoni mwao alikuwamo Luteni Humud Mohammed Humud, aliyewahi kuwa mfuasi wa Umma. Hilo lilitosha. Makomredi wakakamatwa visiwani na bara, Babu akiwa mmoja wao, ingawa alikuwa Dar es Salaam.

Hapa kuna fundo ambalo wengi hawalielewi: alihukumiwa kifo lakini hakuuawa, hakupatikana na hatia yoyote bara lakini alikaa ndani miaka sita. Zanzibar ilifungua kesi ya uhaini katika mahakama maalumu ambamo mawakili wa utetezi hawakuruhusiwa. Babu na wenzake waliokuwa bara walihukumiwa bila kuwapo. Zanzibar iliwataka, Nyerere akakataa kuwapeleka. Alikuwa na sababu. Mwaka 1969 Kassim Hanga na mwanasiasa mwenzake Othman Shariff walipelekwa Zanzibar kutoka bara, na hawakurudi, waliuawa huko. Safari hii Nyerere hakuwatoa, lakini pia hakuwaachia, kwa kuhofia kuutikisa Muungano. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi ya mwaka 1962 ilimpa uwezo huo. Babu alikuwa waziri kwa miaka minane chini ya sheria hiyohiyo, na wapo waliofungwa kwayo wakati yeye yuko barazani. Aliachiwa mwaka 1978.

Wengine hutoka gerezani wakiwa kimya. Babu alitoka akiwa mwandishi kuliko alivyowahi kuwa. Alikwenda kufundisha Marekani, kisha akakaa London, na mwaka 1981 kikatoka kitabu chake, African Socialism or Socialist Africa? Jina hilo lina mtego unaostahili kuelezwa. Ujamaa wa Kiafrika, kwa maneno ya viongozi wa miaka ya sitini, ulidai kwamba Mwafrika ni mjamaa kwa kuzaliwa. Kazi ni kurudisha tu undugu wa zamani. Babu anauliza je, tunataka ujamaa uliopakwa rangi ya Kiafrika, au Afrika iliyojenga ujamaa kweli? Kwake, kusema hatukuwa na matabaka ni kufumba macho. Ukoloni uliyajenga, na baada ya uhuru likaongezeka jingine: la watu wa ofisini wanaoishi kwa jasho la mkulima huku wakimhubiria kujitegemea. Kutaifisha benki na mashamba ya mkonge hakubadilishi kitu ikiwa mkonge bado unakwenda nje ukiwa mkonge na kurudi ukiwa kamba.

Anachopendekeza ni uchumi unaotazama ndani: chakula, nguo na makazi ya watu kwanza, na viwanda vya msingi, chuma hasa, vitakavyomtengenezea mkulima zana zake. Unaweza kumbishia. Mimi naona aliiamini mno China, na hakueleza ya kutosha ni nani atakayewazuia wapangaji wa uchumi wasigeuke mabwana wapya. Lakini pima hoja yake kwa karafuu. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Zanzibar alikuwa Indonesia, inakosagwa na kutiwa ndani ya sigara za kreteki. Indonesia ikapanda mikarafuu yake yenyewe, na kufikia miaka ya themanini bei ikaanguka. Mkulima wa Pemba hakuwa amekosea lolote. Mikarafuu ilikuwa palepale, mikono ileile, majamvi ya kuanikia yaleyale. Uamuzi uliomfukarisha ulifanyika ng'ambo ya bahari, na watu wasiomjua, juu ya kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa na matumizi nacho madogo sana. Hilo ndilo Babu alilokuwa akilisema.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi, naye alirudi Tanzania. Mwaka 1995 alisimama upande wa chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi, na jina lake likatajwa kwa nafasi ya mgombea mwenza wa Augustine Mrema, ingawa halikufika kwenye karatasi ya kura. Alifariki London tarehe 5 Agosti 1996, akaletwa kuzikwa Zanzibar.

Wengi wamemsoma bila kujua. Kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, ambacho wanafunzi wa Afrika nzima wamekipitisha mkono kwa mkono, kinafungwa kwa kurasa chache za maneno ya mwisho. Anayezisoma hukuta hoja kwamba mitaji ya kigeni ndiyo chanzo cha unyonge wa uchumi wetu na haiwezi kuwa dawa yake. Zimetiwa saini A. M. Babu. Kitabu kilichapishwa Dar es Salaam na London mwaka 1972, mwaka uleule ambao mwandishi wa kurasa hizo alifungiwa mlango wa gereza.